Goti la Mwanafunzi, Kisu cha Daktari na Tawakkul ya Mzazi

(Muhadhara uliotolewa msikitini baina ya Maghrib na Isha, mbele ya wazazi wa wanafunzi wa madrasa)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, Aliyeumba maradhi na Akaumba pamoja nayo sababu za kupona. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na wote wenye kufuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Wazee wetu, ndugu zetu, na mama zetu mlioko nyuma ya pazia,

Mmezoea kutusikia katika kikao hiki tukizungumzia tauhidi, swala na hatari ya bidaa. Usiku wa leo tumekuja kuzungumzia goti. Asishangae mtu. Mazungumzo haya tumedaiwa muda mrefu, na deni lenyewe mtalielewa punde.

Alikuwapo katika madrasa yetu kijana wa miaka 15, mtoto wa mvuvi, aliyekwisha kuhifadhi juzuu 11. Wiki chache baada ya Idi alianza kulalamikia mguu wake wa kulia, juu kidogo ya goti. Alikuwa mchezaji wa mpira, basi kila mtu akasema ni mpira. Alipelekwa zahanati akapewa vidonge vya maumivu. Vidonge vilipokwisha maumivu yakarudi, na usiku yakawa makali kuliko mchana. Bibi yake akampeleka kwa mzee mmoja anayechua, akachuliwa siku saba kwa mafuta ya nazi, na goti likazidi kuvimba. Kisha watu wa ukoo wakasema kijana huyu ametupiwa kitu, wakamfunga hirizi pajani.

Hapo ndipo tulipoingia sisi. Tulimwita baba yake tukamsomea dalili za uharamu wa hirizi. Alhamdulillah alisikia, akaikata kwa mkono wake mwenyewe mbele yetu. Kwa hilo hatujuti hata leo. Lakini sikilizeni tulichofanya baada yake. Tulimwambia amlete kijana kila siku baada ya Alasiri tumsomee ruqya, na asiwe na pupa ya kwenda hospitali kubwa, kwani huko watakimbilia kukata. Maneno hayo, ndugu zetu, tuliyatamka sisi, ndani ya chumba kile cha madrasa mnachokijua. Tukasoma wiki 9. Tulisoma Suratul-Fatiha, Ayatul-Kursiyyu na Muawwidhatain, na yote hayo ni haki. Kosa letu ni kwamba tuliiondoa hirizi tukakiweka kisomo chetu palepale ilipokuwa, yaani pa kumzuia mtoto asimfikie mwenye kujua.

Siku moja kijana aliteleza kwenye ngazi ya birika la udhu. Hakuanguka kwa kishindo, lakini mfupa wa paja ulivunjika kama kijiti kikavu. Hiyo ndiyo siku aliyopigwa picha ya eksirei kwa mara ya kwanza, na ilikuwa imepita miezi sita tangu aanze kuchechemea.

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake iwapo ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaioni ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu lawama nzito mno, aliwahesabu kuwa wao ndio waliomuua, akasema kwa nini wasiulize walipokuwa hawajui, na kwamba kuuliza ndiyo dawa ya asiyejua. Hadithi hii tumeisomesha mara nyingi katika mlango wa tayamamu. Hatukuwahi kudhani kwamba sisi wenyewe tungesimama mahali pa wale wenzake.

Tuseme sasa maradhi yale ni kitu gani. Yanaitwa osteosakoma, nayo ni saratani inayoanzia katika chembe zile zinazotengeneza mfupa. Ni maradhi adimu. Katika kila watu milioni moja huwapata watu 3 au 4 hivi kwa mwaka. Lakini miongoni mwa saratani zinazoanzia ndani ya mfupa wa kijana, hii ndiyo inayoonekana zaidi. Huwapata sana vijana wa kati ya miaka 10 na 20, wakati mifupa inaporefuka kwa kasi. Mahali pake pa kawaida ni karibu na goti: mwisho wa chini wa mfupa wa paja, au mwanzo wa juu wa mfupa wa muundi. Baada ya hapo ni mfupa wa juu wa mkono, karibu na bega. Mpira hauileti, wala kuanguka hakuileti. Mpira huwafanya watu wauangalie mguu, kisha wakaridhika na sababu ya uongo.

Mzazi aangalie nini? Maumivu ya mfupa yanayoendelea kwa wiki kadhaa bila ya kupungua. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku. Uvimbe mgumu karibu na kiungo. Kuchechemea kusikokwisha. Mfupa kuvunjika kwa sababu ndogo. Mtoto huyo anaweza akawa na afya tele, anakula vizuri, hana homa, na hili ndilo linalotudanganya wengi. Vidonge vya maumivu vitampa nafuu kwa siku mbili tatu, na nafuu hiyo si dalili ya kupona. Tena kuna jambo tulilobainishiwa waziwazi na madaktari: uvimbe wa namna hii usichuliwe, usikandwe, wala usichanjwe chale. Na kwa kuwa tunajua watu wetu wanaipenda hijama, nasi tunaipenda kwa kuwa imethubutu katika Sunna, tunasema bila ya kusita kwamba mfupa wenye uvimbe usiojulikana si mahali pa kupiga chuku.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni picha ya eksirei ya kawaida, ile ipatikanayo hata katika hospitali nyingi za wilaya. Tulionyeshwa ile ya kijana wetu. Penye mfupa wenye afya palipaswa kuonekana mstari mweupe ulionyooka. Pale palikuwa na mahali palipoliwa, na pembeni mfupa mpya usio na mpangilio umechomoza mpaka kwenye nyama mithili ya miale ya jua, na ile ngozi nyembamba inayoufunika mfupa imeinuliwa juu ikafanya pembe. Daktari haihitaji mashine ya ajabu ili ashuku. Ahitaji tu kupewa mguu autazame mapema.

Baada ya kushuku huja vipimo vingine. Kipimo cha MRI huupiga mfupa mzima toka mwisho hadi mwisho ili ujulikane urefu wa maradhi na ukaribu wake na mishipa mikubwa. Kipimo cha CT huangalia mapafu, kwa sababu mapafu ndiyo mahali pa kwanza saratani hii inapokimbilia. Na haya yote hayatoshi. Ni lazima kitolewe kinyama kidogo kutoka kwenye uvimbe, kipelekwe kwa mtaalamu akitazame kwa hadubini, kwa sababu usaha ndani ya mfupa unaweza kuonekana katika picha kama saratani, na kifua kikuu cha mfupa vilevile, na iko saratani nyingine ya mifupa ya vijana iitwayo sakoma ya Ewing ambayo husikia mionzi, ilhali osteosakoma ni sugu kwa mionzi. Ukikosea jina, umekosea tiba.

Hapa tunaomba msikilize kwa makini, kwani wengi huona kwamba kukata kinyama ni jambo dogo, linaweza kufanywa popote. Si hivyo. Njia aliyopita sindano au kisu huhesabiwa kuwa imeguswa na chembe za saratani, na siku ya upasuaji mkubwa njia hiyo nayo hukatwa na kutolewa pamoja na uvimbe. Kwa hiyo mkato huwa mfupi na hufuata urefu wa kiungo, wala hauukatizi mguu kwa upana. Kitu kilicho sawa ni kwamba anayetoa kinyama awe ndiye atakayefanya upasuaji, au awe ameshauriana naye kabla. Mwaka 1982 daktari wa Marekani, Henry Mankin, alitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa 329 wa saratani za mifupa na nyama, akaonyesha kwamba wagonjwa 4 au 5 katika kila 100 walikatwa kiungo bila ya kuwepo haja, kwa sababu tu kinyama kilitolewa vibaya. Na hiyo ni Marekani. Basi mzazi akiambiwa na hospitali ndogo kwamba wao hawatogusa bali wanamwandikia rufaa, asikasirike. Huyo ni daktari aliyejua mpaka wa elimu yake, na laiti sisi tungekuwa kama yeye.

Na hapa petu Tanzania rufaa hizo zina pa kwenda. Iko Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Kwa watu wa kaskazini iko KCMC Moshi, na kwa watu wa kanda ya ziwa iko Bugando, Mwanza.

Jina la maradhi likishathibitika, tiba kwa kawaida huanza kwa dawa kabla ya kisu. Zinazotumika zaidi ni tatu, nazo ni metotreksati, doksorubisini na sisplatini, hutiwa mshipani kwa muda wa wiki 10 hivi. Kisha upasuaji, kisha dawa tena kwa miezi kadhaa. Watu huuliza kwa nini wasikate tu wakamaliza. Jibu limo katika habari ya kijana wa Kanada, Terry Fox, ambaye hakuwa wa dini yetu lakini habari yake ina mazingatio. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, aligunduliwa kuwa na saratani hii hii kwenye goti la kulia, akakatwa mguu juu ya goti. Mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143, kilomita 5,373, akichangisha fedha za utafiti wa saratani, mpaka alipozuiwa na maumivu ya kifua. Saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Alifariki tarehe 28 Juni 1981. Zamani zile wagonjwa waliokuwa wakikatwa kiungo pasina dawa, takriban 4 katika kila 5 walikufa namna hiyo, kwa sababu chembe ndogo zisizoonekana zilikwisha kutangulia kifuani kabla ya kisu. Leo, pale zinapopatikana dawa na upasuaji mzuri, na maradhi yakawa hayajaonekana mapafuni, karibu thuluthi mbili ya wagonjwa huvuka miaka mitano. Wanaofika wamechelewa fungu lao ni dogo zaidi.

Upasuaji wenyewe una kanuni moja kubwa: uvimbe utolewe mzima, ukiwa umezungukwa na nyama yenye afya pande zote, kiasi kwamba mpasuaji auone ukiwa umefunikwa kama embe ndani ya ganda lake. Ikiwa mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu haijazingirwa, mara nyingi mguu huokolewa. Hukatwa kipande cha mfupa pamoja na goti, pakawekwa goti na mfupa wa chuma, au mfupa uliotolewa mahali pengine mwilini, au wa mtu aliyekufa. Iko na njia moja iliyotushangaza sana tulipoelezwa. Sehemu yenye maradhi hutolewa, kisha sehemu ya chini ya mguu hugeuzwa nyuma mbele na kuungwa na paja, ili kifundo cha mguu kifanye kazi ya goti ndani ya mguu wa bandia. Madaktari wa Vienna waliitumia kwa saratani ya mfupa tangu miaka ya 1970, na watoto waliofanyiwa hukimbia. Na ikiwa mishipa imezingirwa, au usafi wa pambizo hauwezi kupatikana, hapo kiungo hukatwa. Mwenye kukatwa asidhani amepewa tiba duni. Maadamu uvimbe umetolewa wote na pambizo zikawa safi, wataalamu wameona kwamba umri wa waliokatwa na umri wa waliookolewa mguu hautofautiani sana.

Sasa wako watakaosema kwamba kutia chuma mwilini ni kubadilisha maumbile ya Allah. Tunawaambia wasome habari ya Arfaja bin As'ad (R.A.), iliyomo katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi. Pua yake ilikatika katika vita vya zama za Jahiliya, akajifanyia pua ya fedha, ikaoza na kunuka. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha afanye ya dhahabu, pamoja na kuwa dhahabu imeharamishwa kwa wanaume. Ikiwa hivyo ndivyo kwa pua, basi vipi kwa goti linalombeba mtu kwenda msikitini?

Na wako watakaosema kwamba tawakkul inatosha. Hao huwa wanapenda kuwataja wema waliotangulia, basi nasi tumtaje Urwa bin Zubeir, mtoto wa Bibi Asmaa bint Abubakar, mpwa wa Bibi Aisha (R.A.), mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Alisafiri kwenda Sham kwa Khalifa Walid bin Abdul-Malik, mguu wake ukaingiwa na maradhi ya kula nyama, yakawa yanapanda juu. Waganga waliitwa wakasema ukatwe kabla haujaumaliza mwili. Alikubali. Ukakatwa kwa msumeno, kidonda kikachomwa kwa mafuta ya moto, na katika safari hiyohiyo mwanawe akauawa kwa teke la mnyama. Alimshukuru Mola wake kwa viungo vilivyobaki na kwa watoto waliobaki. Wahubiri wetu, nasi tumo, tunapenda mno kusimulia subira yake chini ya msumeno. Riwaya zinatofautiana iwapo alikuwa akiswali au la. Tunasahau jambo ambalo riwaya zote zinalisema: Urwa, pamoja na elimu yake na dua zake, alipoambiwa na wenye kujua kwamba mguu ukatwe, alitoa ruhusa. Aliikataa pombe ya kumlevya, naam. Lakini asije mtu akakataa dawa ya usingizi ya leo kwa hoja hiyo, kwani wanavyuoni wa zama zetu wameijuzisha kwa haja ya upasuaji.

Tulipokuwa masomoni tulikisoma kitabu cha At-Tasrif cha Abul-Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki karibu na mwaka 404 wa Hijra. Ameeleza kwamba saratani ikiwa changa na mahali inapoweza kung'olewa yote, ing'olewe yote pamoja na mizizi yake. Ikishakomaa na kuwa kubwa isiguswe, kwani hakuwahi kumponya yeyote wa namna hiyo wala hakumwona aliyeponywa. Tuliyasoma hayo kwa ajili ya lugha, tukafanya mtihani wa irabu, tukafaulu.

Turudi kwa kijana wetu. Saratani ilikuwa imeizunguka mishipa, na mfupa uliovunjika ulikuwa umemwaga damu yenye maradhi katika nyama za paja. Mguu haukuweza kuokolewa. Baba yake alitupigia simu kutoka hospitalini kabla hajatia saini, akauliza tunasemaje. Safari hii tulimwambia awaulize madaktari, na wanaloliafikiana ndilo alitie saini. Mtoto naye akaomba simu. Alikuwa na masuala mawili, ya mwanafunzi wa fiqhi kweli. La kwanza, mguu wake utapelekwa wapi. Tulimjibu kwamba kiungo cha mwanadamu huzikwa kwa heshima yake, hakioshwi wala hakiswaliwi maadamu mwenyewe yu hai. La pili, udhu wake utakuwaje. Tukamwambia aliyekatwa juu ya kifundo faradhi ya kuosha mguu ule imemwondokea, na mguu wa bandia haupanguswi. Na aswali kwa kukaa mpaka aweze kusimama, kama Mtume (S.A.W.) alivyomfundisha Imran bin Huswain. Akasema, "Basi ni rahisi, ustadhi."

Baba yake aliuzika mguu ule. Kijana alirudi kwa magongo, akaongeza juzuu nne. Kisha kikohozi kikaanza. Hatutarefusha. Allah Amrehemu, Ampe mwili usio na upungufu. Baada ya maziko tulimfuata baba yake tukamwomba radhi kwa zile wiki 9. Akatuambia ametusamehe, ila tuyaseme mbele za watu. Hilo ndilo deni tulilolitaja mwanzo.

Imekuja katika hadithi kwamba anayejitia katika utabibu na haujulikani kwake, yeye ni mwenye kudhamini. Sisi walimu wa madrasa tuichukue hadithi hii kwa ukubwa wake. Hatukusema tuache ruqya. Mtoto asomewe usiku, na asubuhi apandishwe gari aende akapigwe picha.

Mwaka uliopita mama mmoja alitujia na binti yake wa miaka 12, muundi umevimba kwa wiki tatu na usiku halali. Tulimsomea Fatiha palepale, tukamwandikia barua, na nauli ikatoka katika sanduku la madrasa. Ikaonekana kuwa ni usaha ndani ya mfupa, si saratani. Akapasuliwa, akapewa dawa, akapona. Mama yake alitulaumu kwa kumtia hofu bure na kumpotezea siku nne za biashara yake. Tumeipokea lawama hiyo kwa furaha, na binti mwenyewe yumo humu ndani usiku huu.

Baada ya Isha tutabaki hapa kibarazani. Mzazi mwenye mtoto analalamikia mfupa, na aje naye, tumwandikie barua ya kwenda hospitali kesho asubuhi.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.